Nusu Lita ya Maziwa



Tunaomba radhi tangu mwanzo, maana habari yetu ya safari hii inaanzia chooni.

Katika shamba moja la chai la magharibi ya Uganda, shamba lenye kiwanda chake, kuna chumba cha kuchekechea chai. Aliyewahi kuingia chumba cha namna hiyo anajua hali yake. Mashine zinatikisa chai kavu mchana kutwa, vumbi la kahawia linaning'inia hewani, na jioni mtu akipenga kamasi hutoka kama ugoro. Kazi hiyo hufanywa zaidi na akina mama. Mmoja wao, ambaye ametumika pale miaka kumi na mmoja, aliitwa ofisini akapewa barua ya pili ya onyo kwa kosa la kuacha mashine bila ruhusa. Barua ya tatu ni kufukuzwa. Tawi likatuita sisi wa ofisi ya wilaya tukamtetee.

Tulikaa naye chini ya mti tukamwuliza sababu. Akanyamaza. Tuliokwenda tulikuwa wanaume watatu, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tulipomwomba mjumbe mwanamke wa tawi akae naye pembeni, jibu likaja kwa maneno manne: "Ni yale maziwa yenu."

Maziwa yale yalikuwa yetu kweli. Chama ndicho kilichoyadai. Miaka kadhaa nyuma tulipigania mkataba katika shamba lile, na mojawapo ya mambo tuliyotoka nayo tukishangilia ni kifungu kisemacho kwamba kila mfanyakazi wa chumba cha kuchekechea, na kila mpuliziaji wa dawa ya magugu, atapewa nusu lita ya maziwa matamu kila siku ya kazi, yasafishe vumbi na sumu mwilini. Mwajiri alikubali upesi kuliko tulivyotarajia. Ingalifaa tujiulize kwa nini. Aliongeza sharti moja tu, kwamba maziwa yanywewe palepale mbele ya msimamizi, yasibebwe nyumbani wala kuuzwa. Tukatia sahihi.

Basi kila siku saa nne za asubuhi akina mama wale walipanga foleni, wakanywa nusu lita mbele ya nyapara, wakarudi kwenye mashine. Tuliomba kuona daftari la karani, lile la kuandika wanaotoka nje. Zaidi ya nusu ya majina ya chumba kile yalikuwamo, na saa za kutoka karibu zote zilikuwa kati ya saa tano na saa saba. Meneja alisoma daftari lile akaona uvivu. Mganga wa zahanati alimwona mama yule akaona amiba, akampa vidonge. Vilipokwisha akanunua vingine kwa fedha yake, na tumbo likabaki vilevile. Hakuna hata mmoja, sisi tukiwamo, aliyeweka saa za daftari kando ya saa ya maziwa.

Yafuatayo tumeelezwa na madaktari, nasi tunayaeleza kama tulivyoyaelewa sisi watu wa shule ya msingi.

Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Utumbo mwembamba hauwezi kuipokea ikiwa nzima. Lazima kwanza ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga huzaliwa nacho tele, ndipo anapoweza kuishi kwa titi la mama. Lakini kwa watu wengi kimeng'enya hicho hupungua pole pole baada ya kuachishwa ziwa, mpaka mtu mzima anabaki nacho kidogo tu. Sukari ile basi huteremka nzima hadi utumbo mpana. Huko vijidudu vinaipokea na kuichachua kama pombe inavyochacha mtungini. Gesi inajaa, tumbo linanguruma na kusokota, maji yanavutwa ndani ya utumbo, na mtu anakimbia. Kwa wengine huanza baada ya nusu saa, kwa wengine baada ya saa mbili au zaidi, kadiri ya alichokula na alichokunywa.

Wataalamu wanakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wa dunia wana tumbo la namna hiyo. Kwa hiyo mtu asiambiwe ana ugonjwa. Maumbile ya walio wengi ndiyo hayo, na anayekunywa maziwa utu uzima wake wote bila kusikia kitu ndiye aliye katika kundi dogo.

Wala jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1966 madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Lancet la Uingereza. Walionyesha kwamba Waganda wazima na watu wa makabila mengine ya wakulima waliowapima wengi wao walipungukiwa na kimeng'enya hicho, na kwamba Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe tangu zamani, wengi wao walikuwa nacho. Mwaka 1974 ikatoka makala nyingine juu ya Rwanda na nchi ya Washi kando ya Ziwa Kivu, nayo ikaonyesha tofauti ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2007 mtaalamu Sarah Tishkoff na wenzake walieleza kwamba watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wanaoweza maziwa ukubwani wamepata uwezo huo kwa mabadiliko madogo katika urithi wa mwili, yaliyoenea katika miaka elfu chache tu, tangu watu waanze kufuga. Yaani maarifa yalikuwa Kampala kabla wengi wetu hatujazaliwa, nasi tumeandika mkataba kana kwamba hayapo.

Hapa tuseme neno juu ya kabila, maana katika chumba kile lilikwisha kuanza. Waliotoka katika koo za wafugaji walikunywa bila shida wakawacheka wenzao, na nyapara akawa anasema watu fulani ni wa ndizi tu, hawajui kitu kizuri. Wale wa ndizi wakajibu kwa maneno ambayo hatutayachapisha. Tulipofika, wafanyakazi wa chumba kimoja walikuwa wamekaa mafungu mawili hata wakati wa chakula. Tuliwaeleza kwamba hizi ni hesabu za watu wengi, hazimsemei mtu mmoja mmoja. Wapo Wahima wasioweza maziwa na wapo Waganda wanaoyaweza, na katika nyumba moja ndugu wawili wa tumbo moja huweza kutofautiana. Aliyekuwa akicheka kuliko wote ana shemeji yake asiyeweza kuyagusa, naye hakujua mpaka siku ile.

Sasa hebu tutazame kipimo chenyewe. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ina laktosi ya gramu 24 hivi. Wengi wenye tumbo hili huvumilia kama gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe cha robo lita, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mkataba wetu uliwapa mara mbili ya hicho kwa mkupuo mmoja, saa nne, na wengi wao wametoka nyumbani alfajiri bila kula. Desturi hii ya nusu lita kwa zamu ni ya zamani na imefika mbali. Katika Umoja wa Kisovieti iliingia hata katika sheria kwa wanaofanya kazi zenye madhara, na Urusi ikairithi. Lakini hata huko kanuni ya mwaka 2009 iliruhusu maziwa yaliyochachushwa na vyakula vingine badala yake, na fedha pia kwa mfanyakazi anayeomba kwa maandishi. Sisi tulibaki na nusu lita bila mlango wa kutokea.

Na je, yale maziwa yalisafisha vumbi? Hapana. Vumbi huingia kwa pua likaenda mapafuni. Maziwa huingia kwa mdomo yakaenda tumboni. Mpuliziaji dawa naye hupata sumu kwa ngozi ya mikono na mgongo, pale bomba linapovuja, na kwa pumzi. Maziwa hayafiki huko. Maziwa ni chakula kizuri kwa anayeyaweza, na hapo sifa yake inakoma. Vumbi linazuiwa kwa feni ya kulivuta nje, kwa kufunika mashine na kwa barakoa inayobana uso. Dawa inazuiwa kwa glovu, buti, nguo ya kazi na maji na sabuni baada ya kazi. Sasa mnaona kwa nini mwajiri alikubali upesi. Nusu lita ni bei rahisi kuliko feni.

Turudi kwa mama yetu. Tulimshauri afanye jaribio ambalo mtu yeyote aweza kulifanya: wiki mbili aache maziwa matamu kabisa, aandike kila siku alichokula na hali ya tumbo, kisha ayarudie kidogo kidogo aone. Kwa kuwa mkataba ulimlazimisha kunywa, ilibidi kwanza tupate kibali cha maandishi kutoka kwa mganga, na kibali hicho kilituchukua siku tisa. Wiki mbili zile hakutoka mashineni ila wakati wa chakula. Aliporudia, aligundua kwamba kikombe cha chai ya maziwa pamoja na mhogo hakimsumbui, lakini bilauri nzima ya maziwa inamrudisha kulekule. Alikuwa pia akiyachemsha sana na kutia tangawizi akidhani yatakuwa mepesi. Kuchemsha huua vijidudu, na ni lazima, lakini sukari ya maziwa hubaki palepale. Maziwa ya unga nayo yana sukari ile ile.

Samli haina shida, kwa sababu sukari karibu yote hubaki katika maji ya maziwa. Maziwa ya mgando nayo huvumiliwa na wengi, maana vijidudu vinavyoyachachusha vimekwisha kula sehemu ya sukari, na vilivyo hai husaidia kuikata iliyobaki tumboni. Hapa Uganda huitwa bongo, Kenya mala, Tanzania mtindi, Rwanda ikivuguto, huko Bukavu mashanza. Babu zetu wakulima walipopata maziwa mara nyingi waliyanywa yamegandishwa, na sasa tunajua hawakuwa wajinga. Ila yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, kwa sababu maziwa mabichi huleta brusela na kifua kikuu, na kugandisha hakuviui vijidudu hivyo kwa uhakika.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo mkataba hauwezi kuitatua. Mume wa mama huyu ni mtoto wa wafugaji. Kila anapokwenda ukweni hupewa maziwa ya asubuhi yenye povu, na kuyakataa ni kumkataa mama mkwe mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiyanywa, kisha usiku anateseka na kusingizia safari. Safari hii alimweleza mkwe wake kwa upole kwamba tumbo lake linapenda maziwa ya jana kuliko ya leo. Bibi yule alicheka, akasema hata marehemu wifi yake alikuwa hivyo, akamtolea mgando. Wanawake wengi, hasa walioolewa mbali, watajua kwamba jambo hilo lilimgharimu ujasiri kuliko kwenda mbele ya meneja.

Anayepunguza maziwa lazima ajue anachokosa ili akitafute pengine. Nusu lita ilikuwa na protini gramu 16 hivi na kalsiamu, ile chokaa ya mifupa, miligramu 600 hivi, wakati mtu mzima anahitaji kama 1000 kwa siku. Protini si tatizo kubwa kwetu: maharage, njugu, mayai. Kalsiamu inataka akili zaidi. Iko nyingi katika ulezi, na kwa hiyo uji wake, ugali wake uitwao kalo, na bushera ni vyakula vya heshima, ingawa vijana wetu wanaona haya kuvila mbele ya mkate mweupe. Iko katika samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao: mukene wa Ziwa Victoria, ndagala wa Burundi, sambaza wa Kivu, ambao wote ni ndugu wa mezani wa dagaa. Iko katika simsim na katika mchicha, ule tuuitao dodo. Katika vyakula hivi hakuna hata kimoja kinachotoka katika nchi ya mbali.

Kuna mambo matatu ya kuangalia, nasi tunayasema kwa nguvu. Kwanza, asiwepo mtu atakayesoma habari hii akamnyima mtoto mchanga ziwa, au akamwachisha mtoto maziwa bila shauri la mganga. Mama asiyeweza maziwa ya ng'ombe ananyonyesha vizuri kabisa. Pili, anayevimba midomo, kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya kunywa maziwa, huyo ana mzio, jambo jingine lenye hatari, na asijaribu hata tone mpaka amwone daktari. Tatu, kuhara damu, homa, kukonda au kuamka usiku kwa tumbo si kazi ya maziwa. Nenda hospitali. Na mara nyingine kuhara kwa muda mrefu huharibu utumbo kwa kitambo, mtu akashindwa na maziwa kwa wiki kadhaa kisha akapona.

Tulipoingia kwa meneja tulikuwa na daftari la karani, kibali cha mganga na vifungu viwili. Kimoja ni cha Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, ibara ya 4, isemayo kwamba anachopewa mfanyakazi kama sehemu ya ujira badala ya fedha lazima kimfae yeye na jamaa yake. Meneja akajibu kwamba maziwa si ujira, ni kinga. Tulikuwa tukilingoja jibu hilo. Tukafungua Mkataba namba 155 wa mwaka 1981: mwajiri atoe nguo na vifaa vya kinga panapohitajika, na hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kama maziwa ni kinga, tukasema, tuonyeshe yanavyokinga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inamtaka mwajiri atoe vifaa hivyo.

Akatoa shauri lake: basi maziwa yafutwe kwa wote, na mambo yaishe.

Hapo tulikaribia kuvunjika. Wanaoyaweza maziwa walisikia kwamba chama kimekwenda kuwanyang'anya, na mkutano wa tawi wa Jumamosi ile ulikuwa mkali kuliko mikutano ya mishahara. Vijana walitaka fedha taslimu. Akina mama wakakataa, wakisema fedha ikiingia katika mshahara haitaonekana tena, na baada ya mwaka mmoja bei itapanda na maziwa hayatakuwapo wala fedha yake haitatosha. Sisi tulikuwa upande wa vijana. Tulipowasikiliza akina mama tukabadili msimamo, na tunawashukuru.

Tuliporudi mezani tulichukua zaidi ya mikutano mitatu. Kifungu kipya kinasema kwamba kila mfanyakazi anachagua mwanzoni mwa mwezi: nusu lita ya maziwa matamu, au nusu lita ya mgando, au mayai mawili na kipimo cha njugu. Hakuna kunywa mbele ya msimamizi. Anayetaka kubeba nyumbani abebe. Jikoni la kiwanda linapika mukene na maharage mara mbili kwa wiki, jambo ambalo tulidai kwa ajili ya kalsiamu kwa kuwa mayai na njugu hayana ya kutosha. Kutoka kwenda chooni hakuandikwi tena katika daftari. Barua mbili za mama yule zimeondolewa katika jalada lake, nasi tuliziona zikichanwa.

Kinga imewekwa katika kifungu chake peke yake, mbali na chakula, ili mwajiri asivichanganye tena. Hapo kazi haijaisha. Glovu na buti za wapuliziaji zimekuja. Barakoa za chumba cha kuchekechea zilipoletwa tulifungua sanduku tukakuta ni vile vitambaa vilivyobaki tangu wakati wa Korona, ambavyo havizuii vumbi la chai. Tumevirudisha bohari na kuandika barua. Na feni ya kuvuta vumbi nje iliahidiwa kufungwa kabla ya msimu wa mvua. Tulipopita wiki iliyopita tundu la ukutani lilikuwa limekwisha kutobolewa. Feni yenyewe bado.